Kituo cha Nne: Verna Huntley

Alhamisi Darlene Foss alirudi kutoka duka la dawa na vitu vitatu: vidonge vya presha vya mama yake, pakiti ya betri, na habari kwamba mama yake amekufa.

Habari yenyewe ilikuwa kwenye kipeperushi cha rangi ya waridi alichokiokota karibu na pa kulipia. Matembezi ya Makaburini ya Tarbell Cove, kilisema. Wanawake Waliotutangulia. Jumamosi saa nane mchana, vituo sita, wanawake sita mashuhuri wa mji wetu, kila mmoja atazungumza mwenyewe kando ya kaburi lake. Dola kumi. Chini yake yakafuata majina, na la nne lilikuwa Verna Huntley, aliyeongoza mgomo wa wanawake wa kiwanda cha sadini mwaka 1958.

Verna mwenyewe alikuwa amekaa jikoni, amevaa sweta ya mkwewe iliyomfika magotini, anavunjia biskuti za chumvi kwenye supu ya samaki. Alikuwa na miaka tisini na miwili na meno yake sita.

"Hebu lete nione," alisema. Akakisogeza kipeperushi mbali, akakirudisha karibu, mpaka macho yakakubali. "Nimekufa lini?"

"Hawakuandika."

"Basi hawana haraka na mimi."

"Mama," akadakia Wendell, mume wa Darlene, ambaye alikuwa ameendesha gari la kusukuma theluji la mji kwa miaka thelathini na sasa kazi yake kubwa ni mzaha, "kama ni marehemu, hiyo supu nimalizie mimi."

"Jaribu uone kama marehemu hapigi mtu kijiko."

Darlene hakucheka. Alikuwa tayari ameshika simu. "Nampigia huyo mwenyekiti wao sasa hivi. Watu gani hawa? Hata kuuliza!"

"Weka simu chini."

"Mama, wamekuzika!"

"Weka chini, nimesema. Watu wote wanakufa bila kujua wamesemwa nini. Mimi nimepata bahati ya kwenda kusikia, na wewe unataka kuniharibia."

Kosa lenyewe si la ajabu kwa anayeijua pwani hii. Merle Huntley alipofariki mwaka 1978, mkewe alifanya kama wajane wote wa huku: alimwita mchonga mawe, akachongesha jina la Merle na tarehe zake mbili, na pembeni jina lake mwenyewe, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi tupu ya kungojea. Kisha badala ya kungojea akaolewa na Mgiriki aliyeitwa Gus Petrakis, akaenda kuishi naye Florida karibu miaka arobaini. Alirudi mjane mara ya pili, akafikia kwa binti yake, maili kumi na nane kutoka Tarbell Cove, akiwa na jina ambalo hakuna wa kule anayelijua. Waliomkumbuka walikuwa wamekufa, au walikuwa na hakika kwamba amezikwa mchangani Florida. Na nafasi tupu kwenye jiwe haimaanishi kitu. Nusu ya makaburi yetu hayana tarehe ya pili, kwa sababu watoto wameshahama na hakuna wa kumwita mchongaji.

Verna alikigeuza kipeperushi, akatazama nyuma, akakigeuza tena.

"Leona hayumo," alisema.

"Leona gani?"

"Leona Peasley."

"Ndiye nani huyo?"

Verna akanywa supu kijiko kimoja, akanywa cha pili. "Labda watamtaja ndani ya maelezo. Hiki kikaratasi ni kidogo."

Tangu hapo ndilo alilokuwa akiliwaza, akila, akioga, akivalishwa soksi. Alitaka kujua kama Jumamosi, mbele ya kaburi lenye jina lake, kuna mtu atakayelitaja jina la Leona Peasley. Kama wangelitaja wao, basi yeye angepona. Asingelazimika kulitaja yeye.

Darlene alikwenda sebuleni kupangusa picha. Aliipangusa kila alipochukia. Ilikuwa imekatwa gazetini na kutiwa fremu kabla hajazaliwa: mama yake, miaka ishirini na mitano, amesimama juu ya ngazi za kiwanda, ameinua mkasi, wanawake wengine nyuma yake. Darlene alikuwa amekulia chini ya picha ile. Shuleni aliandika insha juu yake mara tatu, kwa walimu watatu. Duka la nguo alilofanyia kazi miaka kumi na tisa lilipofungwa, meneja akawapa wafanyakazi keki na kuwaaga, Darlene alikataa keki, na alipofika nyumbani aliitazama ile picha akajiona ni mtoto wa mtu.

"Sawa, tutakwenda," aliita kutoka sebuleni. "Lakini mwisho wa matembezi nitawaambia mimi. Nataka kuwaona nyuso zao."

*

Langoni pa makaburi palikuwa na meza, kisanduku cha pesa, na Bi. Priscilla Thaxter. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Connecticut. Alikuwa ameishi Tarbell Cove miaka thelathini na mmoja, na bado ni mtu wa kuja, na siku akizikwa hapo tutasema tumemzika mtu wa kuja. Lakini tuseme ukweli, ndiye aliyepiga magoti kwenye kila kaburi, na brashi na ndoo ya maji, akayasoma majina ambayo sisi wenyeji tulikuwa tukiyapita kwenda kukata majani ya jamaa zetu tu.

"Watatu? Dola thelathini. Ah, lakini bibi ni mzee, ni dola nane. Ishirini na nane."

"Marehemu wanaingia bure?" aliuliza Wendell.

Darlene akamkanyaga mguu.

Bi. Thaxter aliinama mpaka sikioni mwa Verna, akaongea kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ghuba. "BIBI, NJIA INA MIZIZI! UNAWEZA KUKAA HAPA KIVULINI! TUTAKULETEA JUISI YA TUFAHA!"

"Masikio yangu hayana ubaya," alisema Verna. "Ubaya uko kwenye macho. Na juisi sitaki."

Bi. Thaxter akaona haya kidogo, akampa kikaratasi cha kubandika kifuani. Verna akaandika polepole: Bi. Petrakis.

"Una mtu wako hapa, Bi. Petrakis?"

"Mume wangu."

"Oh, pole. Amelala upande gani?"

"Utatupitisha hapohapo."

Walikuwa watu kama thelathini, wengi wao na kofia za jua na viatu vizuri. Bi. Thaxter aliwapa kanuni. Kila kituo watamkuta mwanamke amevaa mavazi ya wakati wake, amesimama kando ya jiwe. Atazungumza. Akimaliza, maswali yanaruhusiwa. "Lakini mwulizeni yeye, msiniulize mimi. Atajibu kama ndiye marehemu. Ndiyo ladha ya matembezi yetu."

Verna alikishika kigari chake, kile chenye magurudumu manne na kikalio, akaanza kukisukuma. Wendell alikuwa akikiinua kila penye mzizi. Kwenye kituo cha kwanza mke wa nahodha, ambaye wiki nzima huuza stempu posta, alieleza jinsi alivyoirudisha meli nyumbani siku arobaini mumewe akiweweseka kwa homa. Mtu akauliza kama aliogopa. "Niliogopa zaidi mpishi," alisema mke wa nahodha, na watu wakacheka. Kwenye cha pili mwanamke aliyefungua kliniki ya kwanza alikuwa amesahau maneno, akasomewa na mumewe aliyejificha nyuma ya mti. Cha tatu alikuwa mwalimu aliyefundisha miaka hamsini na mmoja kwenye chumba kimoja.

Verna alisikiliza kila mmoja shingo mbele, kama mtoto kwenye sarakasi. "Wanasema vizuri," alimnong'oneza binti yake. "Huyo mwalimu nilimjua. Alikuwa akichapa. Hilo hawakulisema."

"Wamesema mazuri, Mama. Ndiyo kazi ya leo."

"Naona."

*

Kituo cha nne kilikuwa chini ya mti wa mepo, na jiwe lenyewe lilikuwa la rangi ya kijivu. HUNTLEY. Merle, 1929 mpaka 1978. Verna, 1933 mpaka hapana kitu. Pembeni alisimama msichana mwembamba aliyefunga aproni nyeupe na kitambaa cha kichwa, amefunga plasta vidole vyote kumi, ameshika mkasi mkubwa. Aliitwa Meghan Look, karani wa benki, na alikuwa amekariri kila neno.

"Naitwa Verna Huntley," alianza, na Verna Huntley akaegemea kigari chake ili asikie vizuri.

Meghan alisema vizuri kweli. Alisema jinsi king'ora cha kiwanda kilivyolia samaki wakifika, hata ikiwa saa kumi alfajiri, na wanawake wakatoka vitandani. Alisema jinsi walivyosimama kwenye sakafu ya saruji, wakikata vichwa na mikia, wakipanga sadini koponi, wakilipwa kwa kasha. Alisema jinsi nyapara alivyoanza kufunga choo na kukaa na ufunguo, kila anayetaka kwenda amwombe. Siku moja ya Agosti msichana wa miaka kumi na sita aliomba mara tatu, akanyimwa mara tatu, akajikojolea mezani mbele ya wote, na nyapara akacheka.

"Hapo nikaweka mkasi wangu chini," alisema Meghan. "Nikatoka. Na wanawake arobaini na wawili wakanifuata. Tulikaa nje siku tisa. Tuliporudi, ufunguo ulikuwa umetundikwa msumarini, kwa wote."

Watu wakapiga makofi. Darlene alikuwa akilia waziwazi bila kujali. Wendell naye alikuwa akitazama juu ya mti kana kwamba kuna ndege.

Bi. Thaxter alitangaza kwamba fedha za mwaka huu zitanunua benchi la kuwekwa mbele ya maktaba, nalo litachongwa jina la Verna Huntley. Makofi tena. "Na sasa, maswali kwa Verna?"

"Plasta umeifunga vibaya," ilisema sauti kutoka kwenye kigari.

Meghan akababaika. "Samahani, bibi?"

"Unafunga vidole vya mkono unaoshika samaki. Ndivyo vinavyokatwa. Mkono wa mkasi unafungia nini?"

Watu wakacheka kwa upole, kama wanavyowachekea wazee na watoto. Meghan naye akacheka, akasema kweli, siku hiyo alikuwa na haraka.

"Na nina swali," alisema Verna. "Nani alikuwa wa kwanza kuweka mkasi chini?"

"Mimi, bibi. Nilikuwa wa kwanza."

"Leona Peasley alikuwa amesimama wapi?"

Meghan akamtupia jicho Bi. Thaxter. Kwenye karatasi zake hapakuwa na jina hilo. Lakini alikuwa msichana mtiifu, na kanuni ilisema ajibu kama ndiye marehemu.

"Simjui mtu huyo, bibi."

"Humjui."

"Hapana. Sikuwahi kumjua."

Verna alikuwa amejiandaa kwa Leona kusahaulika. Hakujiandaa kwa hili. Msichana mwenye jina lake, kando ya jiwe lenye jina lake, alimkana Leona kwa adabu na tabasamu, na haikuwepo hata chembe ya uwongo, kwa sababu ndivyo Verna alivyoishi miaka sitini na saba: kama mtu asiyemjua. Aliona haya kama aliyevuliwa nguo hadharani. Akakaza mikono kwenye vishikio.

"Unamjua sana, mwanangu," alisema. "Ulikuwa naye meza moja miaka sita."

"Bi. Petrakis," aliingilia Bi. Thaxter kwa upole, "labda tuendelee, bibi, kuna—"

"Petrakis ni wa mume wangu wa pili. Wa kwanza ni huyo mliyemkanyagia maua. Verna Huntley ni mimi."

 Bi. Thaxter alimtazama Verna, akatazama jiwe, akamtazama Verna tena.

"Soma mwenyewe, Bi. Thaxter," alisema Wendell. "Tarehe ya pili iko wapi? Ingawa sikulaumu. Hata sisi nyumbani hatuwi na hakika mpaka anywe kahawa."

"Ni kweli," alisema Darlene, akijifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Ni mama yangu. Ni yeye. Picha ya gazeti iko sebuleni kwangu."

*

Hapo palizuka shangwe. Simu zilitolewa mifukoni. Mzee mmoja mwenye kofia ya mabaharia alimpa Verna mkono, akasema mama yake alikuwa mmoja wa wale arobaini na wawili. Meghan alikuwa ameweka mkono kinywani. Bi. Thaxter aliomba radhi mara tatu, na radhi zenyewe zilitoka moyoni. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mipango, aliona ni neema gani imemwangukia.

"Picha!" alisema. "Hapahapa, kando ya jiwe. Meghan, mpe mkasi. Verna wawili! Gazeti litaipenda hii."

Darlene alikuwa ameshamfikia mama yake, anamweka sawa kola, anampangusa biskuti kwenye sweta. Uso wake ulikuwa uking'aa. "Inua mkono, Mama. Kama kwenye ile."

Verna akaushika mkasi. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Watu thelathini walikuwa wamemwelekezea simu, na wote walikuwa wakimpenda.

"Darlene," alisema, "mkasi wa kwenye ile picha haukuwa wangu."

"Inua tu, Mama."

"Ulikuwa wa Leona. Wangu niliuacha mezani." Akaushusha. Akaongea bila kumtazama mtu, haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Leona alikuwa wa Nyumba ya Maskini. Alilelewa huko kwa kodi ya mji. Alikuwa na mtoto na hakuwa na mume. Yeye ndiye aliyeweka mkasi chini. Alivua aproni yake akamfunga yule msichana kiunoni, akamshika mkono, akatoka naye. Mimi nikamfuata yeye. Hao wengine ndio walionifuata mimi."

"Mama."

"Ngoja. Mtu wa gazeti alipokuja, Leona alikuwa mbele. Makanisa yalikuwa yanatuletea maharage na mkate. Nikaogopa kwamba wakimwona yeye mbele watasema ni mgomo wa wahuni, chakula kitakatika. Nikamwambia, Leona, sogea kidogo. Nipe mkasi wako. Akanipa. Akasogea." Akavuta pumzi. "Siku ya tisa wenye kiwanda wakasema, rudini wote isipokuwa mmoja, Leona. Karatasi ilitaka sahihi moja. Nikaitia mimi. Alikufa baada ya miaka mitatu, nimonia, akazikwa kule nyuma ya kibanda cha mashine ya majani. Namba thelathini na moja. Mazishi sikwenda."

Simu zilikuwa zimeshuka moja moja. Mwanamke mwenye kofia pana alimnong'oneza mwenzake, si polepole vya kutosha, "Maskini. Ni umri." Bi. Thaxter aliigeuzageuza karatasi yake.

"Hii ni... hii ni habari muhimu sana, Bi. Huntley. Itabidi tuihakikishe kwanza, unaelewa. Kumbukumbu za mji. Labda tunaweza kumweka kwenye matembezi ya mwakani."

"Mwakani nitakuwa na tarehe ya pili," alisema Verna.

Darlene alikuwa bado ameshika kola ya mama yake. Akaiachia. "Mbele ya watu wote hawa," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa na miaka yote, Mama. Ulikuwa jikoni kwangu. Insha tatu niliandika. Ungeniambia mimi kwanza."

"Nilitumaini watasema wao."

"Nani? Watu wa kuja?" Akageuka, akaelekea langoni kwa miguu ya hasira, mkoba ukimpiga ubavuni.

Matembezi yalilazimika kuendelea. Kwenye kituo cha tano muuguzi wa vita alikuwa amesimama juani nusu saa ndani ya koti la sufu. Bi. Thaxter akapiga makofi mawili ya mwalimu, na kundi likamfuata, wengine wakigeuka nyuma kutazama.

*

"Nipeleke," alisema Verna.

Wendell hakuuliza wapi. Alikiinua kigari kwenye mizizi, akakishusha kwenye majani, akampitisha mkwewe nyuma ya kibanda ambako petroli ilinuka na hakuna aliyepanda ua. Meghan aliwafuata mbio, aproni ikipepea.

"Bibi, samahani. Mkasi ni wa shangazi yangu."

"Njoo nao huku."

Mawe ya Nyumba ya Maskini yalikuwa madogo, ya mraba, yamedidimia ardhini, kila moja na namba tu. Wendell, aliyezoea kutafuta kingo za barabara chini ya theluji, aliyasaka kwa ncha ya buti. "Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Hili limevunjika. Hili hapa, Mama."

Verna alilitazama. Halikuwa kubwa kuliko mkate. Alikuwa anaijua namba kwa miaka yote ile, kwa sababu aliisoma kwenye kitabu cha mji siku moja alipokwenda kulipia leseni ya mbwa, na hakuisahau tena. Jiwe lenyewe ndiyo kwanza alione.

"Simama hapo," alimwambia Meghan.

"Hapa? Nifanye nini?"

"Kanuni ni ileile. Mimi nauliza, wewe unajibu." Akalainisha koo. "Leona. Ulitaka kuwemo kwenye picha?"

Meghan alisimama mikono ikining'inia. Alijaribu, tuseme haki yake, midomo ilicheza. Mwisho akatikisa kichwa. "Sijui angejibu nini, bibi."

"Hata mimi sijui," alisema Verna. "Sikumwuliza."

Ndipo Darlene alipotokea kwenye kona ya kibanda, funguo za gari mkononi, macho mekundu. "Twendeni. Maharage yako ovenini tangu asubuhi."

Hakuna aliyesogea. Darlene akamtazama mama yake, akamtazama msichana mwenye aproni, akalitazama jiwe. Alikuwa bado na hasira, na aliendelea kuwa nayo siku nyingi baadaye, lakini alikuwa mtoto wa Verna na udadisi ulikuwa wa damu.

"Alikuwaje?" aliuliza, kana kwamba anagombana.

"Mrefu. Meza zilikuwa fupi kwake, alifanya kazi kainama kutwa. Kahawa aliitia sukari vijiko vinne. Na alikuwa akimuiga nyapara, sauti yake na mwendo wake, mpaka tunajikata vidole kwa kucheka."

"Na mtoto?"

"Walimpeleka kwa watu, Boston. Aliitwa Roy. Kila Ijumaa Leona alimwandikia, na mimi nilikuwa nikimsahihishia maneno."

 Darlene akapiga magoti kwenye majani kwa suruali yake nzuri, akachagua ufunguo wa nyumba kati ya zile funguo, akaanza kukwangua kuvu kwenye ile namba.

Njia ya kutoka kituo cha tano kwenda cha sita hupita nyuma ya kibanda, na hapo ndipo kundi lilipowakuta. Watu walikuwa wameshazoea mchana kutwa: wakimwona mwanamke wa aproni kando ya jiwe, wanasimama, wanatengeneza nusu duara, wanangoja. Wakasimama. Bi. Thaxter alitazama orodha yake, ambayo haikuwa na kitu hapo, akafungua mdomo. Kisha akaiona namba jinsi ilivyokuwa ikikwanguliwa. Mwanamke huyu aliyesafisha kila jiwe lenye jina alikuwa hajawahi kufika nyuma ya kibanda na ndoo yake. Akafunga mdomo, akaishusha karatasi.

Meghan alimtazama Verna. Verna akainua kidevu.

"Naitwa Leona Peasley," alisema Meghan, na sauti yake haikuwa ile ya kukariri. "Nilikuwa mrefu, meza zilikuwa fupi kwangu. Kahawa nilitia sukari vijiko vinne. Niliwachekesha wenzangu. Nilikuwa na mtoto, anaitwa Roy, nikimwandikia kila Ijumaa. Nilikuwa wa kwanza kuweka mkasi chini." Akasita. "Mengine sijaambiwa bado."

Hakuna aliyepiga makofi. Upepo ulikuwa ukipeperusha kofia pana ya yule mwanamke aliyenong'ona, akaishika. Yule mzee wa kofia ya mabaharia akanyoosha mkono, kwa kuwa baada ya maelezo kuna maswali.

"Na Verna Huntley?" aliuliza. "Siku hiyo alikuwa wapi?"

 Watu wote wakageuka kuelekea kwenye kigari, na Darlene, akiwa bado magotini na ufunguo mkononi, akainua uso kumtazama mama yake.

Verna alijiinua kwenye vishikio mpaka akasimama wima.

"Alikuwa nyuma yake," alisema. "Wa pili."